Kupima kemikali za manukato kwenye losheni: kutoka kopo hadi ripoti

Lebo nyingi za losheni na jeli zinazouzwa katika soko la Kikuubo, Kampala, huorodhesha viungo kumi, kumi na tano, na karibu na mwisho huandika manukato kana kwamba ni kiungo kimoja. Ndani yake mnaweza kuwa na kemikali makumi: linalooli, limonini, jeranioli, sitrali, eujenoli, kumarini, benzili alkoholi na nyinginezo. Watu wengi hujipaka maisha yao yote bila shida. Lakini yupo ambaye ngozi yake imeshajenga mzio dhidi ya mojawapo, na mzio wa aina hii kwa kawaida mtu hubaki nao maisha. Kila akikutana na kemikali hiyo anawashwa, anavimba, ngozi inapasuka. Daktari atamwambia aepuke nini, ikiwa lebo haisemi ndani kuna nini?

Mwongozo huu nimemwandikia kijana wa maabara aliyekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza, pamoja na mtengenezaji mdogo wa Lira, Gulu au Kampala anayetaka kujua losheni yake inafanyiwa nini ikishapokelewa. Mashine ya bei kubwa haiokoi sampuli iliyochukuliwa ovyo, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kazi inayofanyika kabla ya mashine.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupokea

Mteja akifika kaunta na kusema "nataka mnipimie losheni", usikimbilie kujaza fomu. Zungumza naye kwanza.

"Mama, losheni hii inabaki mwilini au inaoshwa?"

"Inabaki. Ni ya watoto."

"Umetia manukato gani?"

"Sijatia kemikali mwanangu, nimetia mafuta ya mchaichai tu."

Maneno hayo machache yameshakupa nusu ya kazi. Mafuta ya mchaichai kwa sehemu kubwa ni sitrali, mara nyingi asilimia 65 hadi 85. Tuseme mama ametia nusu asilimia ya mafuta hayo kwenye losheni, na sitrali ndani yake ni asilimia 70. Losheni nzima itakuwa na sitrali asilimia 0.35, yaani miligramu 3,500 kwa kila kilo. Karafuu nayo imejaa eujenoli, ganda la mdalasini limejaa sinamali, lavenda ina linalooli nyingi. Kitu kutoka shambani hakiachi kuwa kemikali, na ngozi yenye mzio haiulizi kama sitrali imetoka kwenye jani au kiwandani. Mweleze mteja kwa upole. Wengi wanaamini kwa dhati kwamba asili haidhuru.

Kwa nini kuuliza kama inabaki au inaoshwa? Kwa sababu mipaka hutofautiana. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, inataka kemikali ya manukato iliyo kwenye orodha ya mzio itajwe kwa jina kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika inayooshwa kama sabuni na shampuu. Kwa lugha ya maabara ni miligramu 10 na miligramu 100 kwa kilo. Orodha ya mwanzo ilikuwa na majina 26. Mwaka 2023 ilipanuliwa ikapita 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuifuata kuanzia tarehe 31 Julai 2026, huku zile zilizokwisha kuwa sokoni zikipewa hadi 31 Julai 2028. Anayesafirisha losheni ya shea kwenda Ujerumani au Ufaransa hana budi kuijua orodha hii.

Angalia vizuri: mipaka hiyo ni ya kutaja jina kwenye lebo. Kupiga marufuku ni jambo jingine. Kemikali ya manukato iitwayo Lilial ilipigwa marufuku Ulaya kuanzia tarehe 1 Machi 2022, na kabla yake nyingine iitwayo Lyral. Bado unaweza kukutana nazo kwenye manukato ya zamani yanayopimwa kwa chupa kubwa na kuuzwa kwa mililita, kwa hiyo ziweke kwenye orodha yako ya kupima hata kama mteja hakuziomba.

Kwa soko la nyumbani, shika viwango vya Afrika Mashariki vya vipodozi, EAS 377. Sehemu ya kwanza inaorodhesha vitu vilivyokatazwa na ya pili vile vinavyoruhusiwa kwa masharti. Anayesimamia hapa ni Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, UNBS, lenye makao Bweyogerere, ambalo ndilo hutoa alama ya ubora ya Q. Usitumie nakala uliyopewa na rafiki kwenye simu. Omba toleo linalotumika sasa.

Nawe mtengenezaji, kabla ya kupeleka kopo lako popote, iwe Bweyogerere, Maabara ya Serikali kule Wandegeya, taasisi ya utafiti wa viwanda kule Nakawa au chuo kikuu, uliza maswali mawili. Je, maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara? Na je, kipimo cha manukato kimo kwenye orodha iliyoambatana na hati hiyo? Ithibati hutolewa kwa kipimo mahususi. Maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa na isiwe nayo kwa vipodozi.

Hatua ya 2: Omba kopo lisilotiwa manukato

Hili wengi huliruka, nami ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila kaunta. Mwombe mtengenezaji akuletee losheni ileile, mafuta yaleyale, maji yaleyale, kihifadhi kilekile, lakini bila manukato. Hiyo itakuwa sampuli yako tupu. Itakuonyesha vilele, yaani alama za kemikali kwenye mchoro wa mashine, vinavyotoka kwenye mafuta yenyewe au kwenye vyombo vyako, na ndani yake utaongeza kemikali kwa kiasi unachokijua ili kuona njia yako inazirudisha kwa kiasi gani. Kwa losheni iliyotoka ng'ambo huwezi kupata kitu kama hicho. Kwa losheni iliyochanganywa Lira juzi, ni simu moja tu. Hii ni nafasi ambayo maabara za nchi kubwa hazina mara nyingi, na inasikitisha kuona tunaiacha.

Hatua ya 3: Kuchukua na kutunza sampuli

Chukua makopo matatu yasiyofunguliwa ya bechi moja. Moja la kupima, moja la kurudia, moja la kufunga na kuhifadhi. Andika namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa, mahali lilipochukuliwa na aliyelichukua.

Usihamishie losheni kwenye kopo la plastiki. Limonini hujipenyeza kwenye plastiki laini na kubaki humo, nawe utapima pungufu bila kujua. Tumia chupa ya kioo cha kahawia yenye kifuniko cha ndani cha Tefloni, ijaze hadi karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, kisha iweke kwenye friji, gizani. Hewa ina ubaya wake wa pekee hapa. Limonini na linalooli zikikaa na oksijeni hugeuka polepole kuwa haidroperoksaidi, na hizo ndizo huleta mzio kwa nguvu kuliko kemikali yenyewe ikiwa mbichi. Losheni iliyokaa dirishani dukani miezi kadhaa, kifuniko kimelegea, si ileile iliyotoka kiwandani.

Halafu mikono. Mpimaji aliyejipaka losheni yenye harufu asubuhi, au aliyetoka kunawa kwa sabuni ya ndimu, ameshaleta limonini benchi. Siku ya kazi hii nawa kwa sabuni isiyo na harufu, vaa glavu za naitrili, na usikubali mtu apulize marashi chumba cha maandalizi. Hilo si jambo la kuonea haya kumwambia mkubwa wako.

Hatua ya 4: Maandalizi ya sampuli

Fungua kopo, ondoa tabaka la juu lililokauka, kisha koroga hadi chini kwa fimbo ya kioo. Losheni za shea huwa na chembe ngumu ndogo, mafuta yaliyoganda kwa kupoa na kuyeyuka mara nyingi njiani. Utazihisi zikikwaruza kioo. Ukichota juu tu, unapima sehemu yenye maji mengi na mafuta machache. Ikiwa ni jeli nzito, iweke kwenye kichupa kilichofungwa na uipashe kwa nyuzi 40 hivi hadi ilainike. Usiipashe ikiwa wazi, maana limonini itaondoka kabla hujaipima.

Pima gramu 0.5 kwenye mrija wa kioo wenye kifuniko cha Tefloni, kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1. Andaa mirija mitatu ya sampuli ileile, mmoja wa sampuli tupu, na mmoja wa sampuli tupu iliyoongezewa kemikali. Weka kwenye kila mrija kiasi kilekile cha kemikali rejea ya ndani, yaani kemikali ya kulinganishia isiyomo kwenye losheni. Zinazotumika sana kwa kazi hii ni 1,4-dibromobenzini na 4,4'-dibromobifenili, kwa kuwa hazimo kwenye manukato yoyote ya kawaida. Ongeza mililita 10 za asetonitrili na gramu 2 za sodiamu salfati kavu ya kunyonya maji. Tikisa kwa nguvu dakika 2, kisha weka kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 15, ukiongeza barafu bafu likianza kupata joto.

Kwa nini asetonitrili na si methanoli iliyo rahisi kupatikana? Alkoholi hushikana polepole na aldehidi kama sitrali na sinamali, na mrija ukilala hadi kesho jibu linashuka. Tena asetonitrili haipendi mafuta mazito, nasi tunataka mafuta yabaki nyuma.

Sasa weka mirija kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri usiku kucha. Asubuhi utakuta siagi ya shea, ile wenyewe Lango na Acholi wanayoiita moo yaa, imeganda chini kama nta nyeupe. Zungusha mirija ikiwa bado baridi, mizunguko 4,000 kwa dakika kwa dakika 10, chukua kimiminika cha juu haraka, kipitishe kwenye chujio la mikromita 0.45, jaza kichupa cha mashine. Mafuta yakipita hapa yataziba mrija wa kioo wa mlango wa sindano, na wiki nzima utakuwa unapima uchafu wa sampuli ya jana.

Kuna tatizo moja la njia hii ambalo lazima ulikabili. Limonini yenyewe inapenda mafuta, kwa hiyo sehemu yake hubaki kwenye ile nta. Ndiyo maana ya mrija ulioongezewa: ukiweka mikrogramu 20 na ukapata 12 tu, urejeshaji wako ni asilimia 60 na njia haijafaa kwa limonini, hata kama linalooli imerudi kwa asilimia 95. Lenga kati ya 80 na 120. Dawa yake ni kutengeneza grafu ya ulinganishi, ile inayoonyesha mashine inasomaje viwango unavyovijua, ndani ya losheni tupu badala ya ndani ya asetonitrili safi, ili hasara iwe ileile pande zote, au kupima limonini kwa mvuke wa juu ya sampuli ndani ya kichupa kilichofungwa.

Hatua ya 5: Grafu ya ulinganishi

Kwa gramu 0.5 katika mililita 10, mpaka wa miligramu 10 kwa kilo unakuwa mikrogramu 0.5 kwa mililita, na ule wa miligramu 100 unakuwa mikrogramu 5. Kwa hiyo tengeneza viwango 0.2, 0.5, 1, 2, 5 na 10. Mipaka yote miwili itaangukia ndani ya grafu, ambako mashine inasoma kwa uhakika. Losheni ya mchaichai tuliyoitaja itatoa mikrogramu 175 kwa mililita. Izimue mara 50 ndipo uipime.

Kemikali rejea nazo huzeeka. Chupa ya limonini iliyofunguliwa zamani na kuachwa kabatini si limonini tena. Zitunze kwenye friza, chini ya naitrojeni ukiwa nayo, na kabla ya kuzitumia ingiza kila moja peke yake uone kama bado ni kilele kimoja.

Hatua ya 6: Mashine

Tunatumia kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ile inayoitwa GC-MS: hutenganisha kemikali, kisha huzivunja kuwa ioni, vipande vyenye chaji, na kuzitambua kwa uzito wa vipande hivyo. Kolamu, yaani mrija mwembamba ambamo kemikali hutengana, ni ya mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25, utando wa mikromita 0.25, ile yenye fenili asilimia 5. Heliamu mililita 1 kwa dakika. Mlango wa sindano nyuzi 250, ingiza mikrolita 1. Tanuri lianze nyuzi 50 kwa dakika 2, lipande nyuzi 5 kwa dakika hadi 200, kisha 20 kwa dakika hadi 300, likae hapo dakika 10 kufukuza mabaki ya mafuta. Kila sindano inachukua dakika 47.

Mpangilio: kiyeyushi kitupu, viwango kutoka mdogo kwenda mkubwa, sampuli tupu, sampuli, iliyoongezewa, na kila baada ya sampuli kumi rudia kiwango cha katikati. Kikihama zaidi ya asilimia 15, simama utafute sababu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee pale ulipoishia. Ombwe limepotea na hewa imeingia. Mashine iwe na betri ya akiba ya kutosha angalau kuizima kwa utaratibu. Ikirudi, iache ijivute saa kadhaa, angalia ioni 18 ya maji, 28 ya naitrojeni na 32 ya oksijeni kama zimeshuka, irekebishe upya kwa gesi yake ya marekebisho, kisha pima tena kiwango cha katikati. Sampuli zilizokuwa njiani zirudiwe zote.

Hatua ya 7: Kusoma vilele

Hapa ndipo watu hudanganywa na programu. Programu inalinganisha picha ya ioni na maktaba yake, inakupa jina na asilimia ya kufanana, nawe unaandika. Sivyo. Jina likubaliwe pale mambo mawili yanapokutana: muda wa kutoka ni sawa na wa kemikali rejea uliyoingiza mwenyewe, na ioni tatu zipo kwa uwiano uleule.

Linalooli inatafutwa kwa ioni 93, 71 na 121. Limonini kwa 68, 93 na 136. Eujenoli 164, kumarini 146 na 118, sinamali 131, Lilial 189 na 204. Umeona 93 imejirudia? Inatoka kwenye kemikali nyingi za familia hiyo, kwa hiyo peke yake haithibitishi chochote. Balaa kubwa ni jeranioli na linalili asetati, kwani kwenye kolamu hii hutoka karibu pamoja na zote zina ioni 69. Losheni ya lavenda inaweza kuonekana ina jeranioli nyingi kumbe ni linalili asetati, ambayo haikuwa kwenye orodha ile ya majina 26. Pima tena kwenye kolamu ya pili yenye utando wa aina ya nta, ambako zinaachana. Njia ya Ulaya, EN 16274, inataka kolamu mbili kwa sababu hiyohiyo.

Sitrali ni vilele viwili, nerali na jeraniali. Jumlisha.

Hatua ya 8: Hesabu na ripoti

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mikrogramu kwa mililita, zidisha kwa mililita za kiyeyushi, gawanya kwa gramu za sampuli. Linalooli ikisomeka 2.4: 2.4 × 10 ÷ 0.5 = miligramu 48 kwa kilo, sawa na asilimia 0.0048. Kwa losheni inayobaki mwilini imepita mpaka, lazima itajwe. Ingekuwa sabuni ya kuoshwa, isingelazimika. Jibu lilelile, maana mbili. Ndiyo sababu tuliuliza pale kaunta.

Andika kila jibu pamoja na kiasi cha shaka yake. Miligramu 11, ongeza au punguza 3, haisemi kwa uhakika kwamba mpaka wa 10 umevukwa. Usimfichie mteja hilo, wala usiizungushe namba ili ipendeze. Mshauri aitaje kwenye lebo. Hakuna anayeumia kwa jina lililoongezwa.

Andika pia ulichokipima na usichokipima, kwa maneno ambayo mama wa losheni ya mchaichai ataelewa. Kipimo hiki hakioni zebaki, na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, inahitaji kipimo chake, kwa kawaida kwa kromatografia ya kimiminika. Haidroperoksaidi nazo huvunjika kwenye joto la mlango wa sindano, kwa hiyo hazitaonekana hapa. Ripoti ya manukato isitumike kutangaza kwamba krimu ya kung'arisha ngozi imethibitishwa kuwa salama. Ukiona mteja anaelekea huko, mkatalie mapema na kwa maandishi.

Kopo la tatu lifungwe kwa lakiri, namba ya ripoti iandikwe juu yake, liwekwe kwenye friji hadi muda wa matumizi ya bechi hiyo uishe. Mteja au mkaguzi akibisha jibu, hilo ndilo litakalofunguliwa mbele ya pande zote mbili na kupimwa upya kuanzia hatua ya nne.